Buriani kwa Herufi Kubwa

Karatina walikuwa na msemo: ukimtaka Gatimu siku ya Jumamosi, uliza kwanza Honi Jazz wanapiga wapi. Siku nyingine za juma ungemkuta juu ya ngazi, kofia imegeuzwa nyuma, akiandika majina ya watu mbele ya maduka yao. Bucha, kinyozi, duka la mbolea, hoteli ya chai. Nusu ya mji ilisomeka kwa mkono wake, na hata Sagana na Kiganjo walimwita walipotaka herufi zinazosimama wima.

Kusoma alikupata ukubwani, katika darasa la jioni ambalo watu waliliita ngumbaru. Wenzake wengi waliacha mara walipojua kuandika majina yao. Yeye aliendelea mpaka akaweza kusoma gazeti la Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Ndiyo maana sokoni mtu akikwama neno aliambiwa, "Peleka kwa Gatimu." Na Gatimu alikuwa na jibu kila mara. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui.

Honi Jazz ilikuwa bendi ya Peterson Wahome, mwenye baa mjini Nyeri. Vyombo vilikuwa vyake na gari lilikuwa lake, lakini muziki ulikuwa wa Athumani Shekue. Athumani alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyevaa koti zito la kijivu mwaka mzima kwa sababu yeye na baridi ya mlima hawakuwahi kupatana. Aliimba, na alipiga gitaa la solo. Jumamosi hii alikuwa Nanyuki, ile nyingine Murang'a, Jumapili mchana Karatina kwenye bugi, yaani dansi ya vijana, na popote alipokuwa, Gatimu alikuwa amesimama karibu na spika, mikono mifukoni, hachezi.

"Kama huchezi, unaenda kufanya nini?" watu walimuuliza.

"Kusikiliza."

"Si ununue santuri usikilize nyumbani, ukiwa umekalia kiti chako?"

"Santuri ni picha ya ng'ombe," Gatimu alijibu. "Huwezi kuikamua."

Na ni kweli kwamba wimbo wa Athumani haukuenea kwenye santuri. Ulianza na beti mbili tatu, kama watu wanaosalimiana mlangoni. Kisha Athumani alinyamaza, akafumba macho, na gitaa likatoka peke yake kwenda kutembea. Besi ilibaki nyumbani ikilinda moto. Ngoma za Kihara, kijana wa Murang'a, zililifuata gitaa kwa mbali, kama mama anayemchunga mtoto asijue anachungwa. Gitaa liliuliza jambo, likalijibu lenyewe, likakataa jibu, likauliza upya. Wachezaji walichoka wakakaa, wakapumzika, wakainuka tena, na wimbo ulikuwa bado ni uleule. Nanyuki ulitoka na baridi ndani yake. Murang'a ulitoka mwepesi. Siku moja Karatina mvua ilipiga mabati ya ukumbi mpaka sauti za waimbaji zikazama, na Athumani, badala ya kuacha, akapunguza gitaa, akaisikiliza mvua, akaanza kupiga nayo. Gatimu aliikumbuka siku ile kama wengine wanavyoikumbuka siku ya arusi yao.

Alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Kaka yake mkubwa alichukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa Hali ya Hatari, alfajiri, akaenda bila kuaga, na hadi leo haijulikani alizikwa wapi. Nyumbani jina lake halikutajwa, kwa kuwa mama aliugua kila lilipotajwa. Mahali pekee ambapo Gatimu aliweza kumfikiria bila kifua kumbana ni pale karibu na spika, gitaa likiwa limekwenda mbali na hakuna ajuaye litarudi lini. Lilirudi kila mara. Hilo ndilo lililompeleka kila Jumamosi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1976, katika ukumbi wa Nanyuki, gitaa lilipokuwa mbali hivyo, Athumani alifumbua macho akaimba maneno ambayo hawakuyajua:

"Nikisema buriani, mtanijibu nini?"

Watu walitazamana. Aliimba tena, polepole, akiwatazama kama mtu anayesubiri. "Nikisema buriani, wenzangu, mtanijibu nini?"

"Anasema nini?" aliuliza mtu nyuma ya Gatimu.

Gatimu hakuwa amewahi kulikuta neno lile gazetini. Alilipima upesi. Buriani. Lilikuwa na mwendo wa jina la mwanamke, na mwimbaji alilitamka kama anayetonesha kidonda. "Ni mpenzi wake," alisema. "Mwanamke wa Pwani. Anasema akimtaja Buriani, sisi tutaitikia vipi."

"Na tutaitikia vipi?"

"Si tumtaje na sisi!" Na Gatimu, ambaye hakuwahi kupaza sauti ukumbini, alipaza: "Buriani!"

Ukumbi mzima ukamfuata. Athumani alishtuka kidogo, akainamisha kichwa, na gitaa likalia siku ile kuliko siku yoyote. Watu walirudi makwao wakisema hawajawahi kusikia kitu kama kile.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Wimbo ukifika pale, Athumani aliuliza, watu waliitikia, "Buriani!" Hata kabla bendi haijapanda jukwaani walikuwa wakiuitisha kwa kupiga makofi. Karatina, Monicah aliyekuwa akifungua hoteli ya chai karibu na soko alimwita Gatimu akamwambia, "Niandikie jina yenye watu wanapenda." Gatimu akamwandikia kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi: BURIANI HOTEL. Watu wakawa wanaambiana, "Tukutane Buriani."

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri hivyo.

"Baba Gathoni," mkewe Wachuka alimwambia akimenya viazi, "huyu Buriani ni nani?"

"Nimekwambia, ni mwanamke wa Pwani. Athumani alimwacha huko."

"Athumani alimwacha, na wewe ndiye unamlilia? Mimi niko hapa tangu Gathoni hajazaliwa, sijaimbiwa hata na jogoo."

"Huo ni muziki, Mama Gathoni."

"Ati muziki! Muziki iko na jina ya mwanamke. Siku moja nitaenda nimuone kwa macho yangu, nimwambie hata mimi niko na swali, mtanijibu nini."

Gatimu alicheka. Walikuwa bado wanaweza kucheka.

Siku moja alikuwa juu ya ngazi akirudishia rangi kibao cha kinyozi, jirani na hoteli ya Monicah. Lori kutoka Mombasa likasimama. Dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alishuka akajinyoosha, akatazama juu. Alisoma mara moja. Akasoma mara ya pili. Kisha akaegemea bampa akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Jamani watu wa bara!" alisema. "Mtu hajaonja hata chai, keshaambiwa buriani!"

Alikwenda kula hoteli nyingine, bado anacheka. Monicah alitoka akijifuta mikono. "Anacheka nini huyo?"

Gatimu alikuwa amesimamisha brashi hewani. Dereva hakusema "keshaambiwa habari za Buriani". Alisema "keshaambiwa buriani". Hiyo si namna ya kutaja mtu. Gatimu aliliona jambo lile wazi, kama anavyoona herufi iliyopinda. Angeweza kushuka ngazi, avuke barabara, amuulize yule mtu. Kwenye ukuta wa darasa la ngumbaru yeye mwenyewe alikuwa ameandika, kwa rangi ya buluu, KUULIZA SI UJINGA. Lakini ukutani ni ukutani. Monicah alikuwa anamtazama, kinyozi alikuwa anamtazama, na wote walikuwa wanangoja jibu kutoka juu ya ngazi.

"Ni wivu," alisema. "Watu wa Pwani wanafikiri Kiswahili ni shamba la baba yao."

Wakacheka, naye akachovya brashi. Baada ya siku chache alikuwa amejishawishi kwamba hakusikia vizuri.

Mwezi wa nane nyimbo zikaanza kuwa fupi. Wengine hawakutambua, lakini mtu aliyesimama karibu na spika alitambua. Gitaa lilitoka, likafika karibu tu, likarudi, kama mtu aliyesahau alichokuwa akikifuata. Wimbo mmoja tu ndio uliobaki mrefu, ule wa Buriani, na huo ulizidi kuwa mrefu. Jumamosi moja Nanyuki, wakati wa mapumziko, Gatimu alimfuata Kihara nje, kwenye kibanda cha Nurto, mama wa Kisomali aliyewauzia wapigaji chai ya maziwa.

"Fundi yuko na nini?" Gatimu aliuliza.

Kihara alipuliza chai yake. "Mama yake ni mgonjwa huko Tanga. Ndugu zake wanamwita. Na wewe unasoma gazeti, unajua hizi serikali mbili hazisikizani. Akienda, kurudi ni bahati."

"Ataenda?"

"Hajui. Ako na dada huko anaweza kumwangalia mama, na hapa ndiyo kuna kazi. Ameniambia ataangalia watu siku ya Sho ya wakulima. Ati, 'Kihara, watu wakinishika, nitakaa. Wakiniachilia, nitajua.' Basi. Hiyo ndiyo maneno yake."

Gatimu alijiona Jumamosi, mikono mifukoni, amesimama mbele ya spika isiyotoa kitu. "Watamshika," alisema. "Niachie mimi."

"Wewe?" Kihara alimtazama kwa namna ambayo Gatimu aliikumbuka baadaye. "Haya. Wewe unajua zaidi."

Gatimu alinunua marekani, kitambaa kirefu cheupe, akakifunga kwenye miti miwili. Alizunguka sokoni akiwaambia wauza viazi, wauza nyanya, makuli, wote wanaokwenda Sho: wimbo ukifika, paza sauti kuliko siku zote, fundi asikie kwamba ana watu. Aliwatuma wa Sagana wawaambie wa Murang'a. Hakuna aliyekataa. Kisha akakaa mbele ya kitambaa na kipande cha makaa, akapiga mistari, akasita.

Aliwajua watu wake. Alijua ulimi wa mlimani hautofautishi ra na la, na kwamba vibao vya mafundi wengine vilijaa aibu hiyo: vyumba vya kurara, hoteli ya chakula na marazi. Yeye hakuwahi kukosea, na hakutaka kukosea siku hiyo kuliko siku zote. Akapanda gari hadi Nyeri, akamkuta Athumani nyuma ya baa ya Wahome, amekalia kreti, akibadilisha nyuzi za gitaa.

"Bwana Athumani, samahani. Niko na swali moja tu, ya uandishi."

"Karibu, ndugu yangu. Uliza."

"Buriani. Ni ra ama ni la?"

Mikono ya Athumani ilisimama juu ya uzi. "Unataka kuliandika?"

"Kubwa. Kwa herufi kubwa, watu wote waone. Sho nzima. Na jina yako kando yake."

Jua lilikuwa limejificha, na upepo uliotoka mlimani uliyapekua majani ya migomba nyuma ya baa. Athumani akaupandisha ule uzi, akaukaza, akaupiga kwa kidole mara moja kusikia kama umekaa sawa.

"Ni ra," alisema. "Andika ra."

"Asante sana."

"Na watu wote wanalijua jambo hili? Wamekubaliana?"

"Wote!" Gatimu alisema, akitabasamu. "Karatina, Sagana, Murang'a. Wote ni sauti moja."

"Haya," Athumani alisema. "Mungu awalipe."

Uwanja wa maonyesho siku ile ulijaa mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe. Watu walikuwa wametoka asubuhi wakatazama madume yaliyopigwa brashi, kabichi zinazozidi kichwa cha mtu, trekta zilizopakwa rangi mpya. Wakala mahindi ya kuchoma, wakanyeshewa kidogo, wakakauka. Mlima haukujionyesha hata mara moja. Alasiri, matarumbeta yalipomaliza, Honi Jazz walipanda jukwaani, yaani juu ya trela la lori lililofungwa majani ya migomba, na umati ukasogea kama ng'ombe wanaosikia ndoo ya maji.

Gatimu hakuwahi kusikia muziki ule ukipigwa mbele ya watu wengi hivyo chini ya mbingu tupu. Ukumbini sauti ilirudi kutoka ukutani ikakukuta. Hapa ilikwenda moja kwa moja, ikapita mabanda, ikapita miti, na haikurudi. Ilimtia huzuni, ingawa hakujua kwa nini. Athumani alipiga nyimbo zote za zamani, kila moja kwa ukamilifu, bila haraka, kama mtu anayepita chumba kwa chumba akifunga madirisha. Kisha akaanza ule.

Gitaa lilitoka. Lilikwenda mbali mpaka Kihara akaacha ngoma kubwa, akabaki na fimbo tu. Lilikwenda mpaka watoto migongoni mwa mama zao wakanyamaza. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya uwanja. Gatimu alimwona kaka yake waziwazi, shati lake la kaki, akigeuka mlangoni, na safari hii kifua hakikumwachia.

Athumani alifumbua macho. "Nikisema buriani," aliimba, na sauti yake ilikuwa karibu kukatika, "nikisema buriani, wenzangu, mtanijibu nini?"

Gatimu aliinua mti wake, na muuza viazi mmoja akainua ule mwingine, na kitambaa kikafunguka juu ya vichwa vya watu: BURIANI ATHUMANI. Nyekundu, na kivuli cheusi. Na uwanja mzima ukaitikia kwa sauti moja iliyotikisa mabati ya mabanda:

"Buriani!"

Athumani alisoma. Alisoma kama mtu anayetaka kuhakikisha kila herufi. Aliuliza tena, wakamjibu tena. Aliuliza mara ya tatu, kwa kunong'ona, na wakanguruma. Machozi yalimtiririka, naye akayaacha, akalirudisha gitaa polepole, ngazi kwa ngazi, mpaka likafika chini kabisa likanyamaza. Kihara hakupiga ngoma ya mwisho. Alikuwa amekaa tu, fimbo magotini.

Watu walipotawanyika, Athumani alimtafuta Gatimu kati ya umati. Walipeana mikono.

"Umeandika vizuri," Athumani alisema. "Herufi zimesimama."

"Nilitaka ujue, bwana. Ujue vile watu wanasema."

"Nimejua. Nilikuwa sijui la kufanya, nyinyi mmenisaidia." Akavua lile koti la kijivu, akamwekea Gatimu mabegani. "Chukua. Mimi sitalihitaji tena."

Gatimu alirudi Karatina amelivaa, moyo umejaa. Ameizoea baridi, alijiambia. Hatimaye ameizoea. Basi anakaa.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa siku ya bugi ya mchana Karatina. Gatimu alifika mapema na koti lake. Bendi ilipanda bila Athumani. Kijana fulani wa Wahome alishika gitaa la solo, akapiga nyimbo kama zilivyo kwenye santuri, na kila wimbo ulikwisha pale unapokwisha. Gatimu alizunguka nyuma ya jukwaa, akamkuta Kihara akikaza ngoma.

"Fundi yuko wapi?"

Kihara alimtazama, akalitazama koti. "Na koti yake umevaa."

"Alinipa. Yuko wapi?"

"Wee Gatimu, wewe ndiye umemfukuza mbele ya Sho nzima, halafu unaniuliza mimi?"

"Kumfukuza vipi? Si tumemwonyesha mapenzi?"

"Mapenzi gani? Umemwandikia kwaheri kubwa kama nyumba!"

"Nimemwandikia Buriani. Mpenzi wake."

Kihara aliweka fimbo chini. Hasira ikamtoka usoni taratibu, ikaacha kitu kibaya zaidi.

"Mpenzi," alisema. "Ngai! Gatimu, buriani ni kwaheri. Ni kwaheri ya watu wa Pwani, ile ya mtu haendi kurudi. Mwaka mzima yule mtu anawauliza, nikisema kwaheri mtanijibu nini. Na nyinyi mnamjibu, kwaheri! Kwaheri! Mimi nilidhani mmemchoka. Hata nikadhani Wahome amewapanga."

Gatimu aliona midomo ya Kihara ikiendelea kusema. Alimwona dereva mnene akiegemea bampa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie Kiswahili?" Kihara alisema. "Wewe?"

Athumani, Kihara alimweleza, alikuwa amekwenda Nanyuki kuwaaga rafiki zake, akina Duale, wauza mifugo. Kesho asubuhi angepita Karatina juu ya lori la viazi la kwenda Mombasa. Gatimu alikimbia kituoni, lakini gari la mwisho la Nanyuki lilikuwa limekwisha kwenda. Maduka yalikuwa yamefungwa, Jumapili, na marekani mpya haikupatikana. Akarudi nyumbani, akakitandaza kile kitambaa sakafuni, maandishi ya jana yakiwa chini, akaandika upande wa pili: USIENDE ATHUMANI. Hakupiga mistari ya makaa. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake kutoka imepinda.

Wachuka alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameelezwa yote, na hakucheka.

"Nani atashika ule mti mwingine?" aliuliza.

"Nitatafuta mtu."

"Nitashika mimi."

Asubuhi walisimama kando ya barabara, ukingoni mwa mji, upande wa Kiganjo. Ukungu ulikuwa mzito na majani ya kahawa yalidondosha maji. Gatimu alikuwa amelikunja koti la kijivu kwapani ili amrudishie mwenyewe. Walikitandaza kitambaa kuelekea kule lori litakakotoka, wakakivuta mpaka kikanyooka. Walisubiri. Kila gari lililopita lilikijaza upepo, lakini Wachuka hakuuacha mti.

Lori likaja likiwa limewasha taa. Lilikuwa limejaa mpaka juu, na lilikuja kwa kasi. Dereva alikisoma kitambaa, akapiga honi kwa furaha, kama mtu aliyeona mchezo, wala hakupunguza mwendo.

Na Athumani alikuwepo. Alikuwa amekaa juu ya magunia, amejikunyata, ameegemeza mgongo kwenye kichwa cha lori kuukinga upepo, gitaa limefungwa kwa gunia mapajani mwake. Uso wake ulielekea nyuma. Hakuona kitu mpaka lori lilipokuwa limewapita.

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Aliwaona. Alikiona kitambaa. Gatimu alipiga kelele, "Usiende! Athumani, usiende!" na injini ikazimeza. Athumani aliweka mkono kifuani. Kisha akainua mikono yote miwili juu, akawapungia, polepole, kama mtu anayeshukuru, akaendelea kuwapungia mpaka ukungu ukamfunika.

"Ameona," Gatimu alisema, akihema. "Ameona! Kwa nini hakumwambia dereva asimame?"

Wachuka alikuwa amegeuka nyuma, anatazama kitambaa kwa upande ule lori lilikokwenda.

"Baba Gathoni," alisema, "yeye amesoma huku."

Gatimu alizunguka. Herufi za BURIANI zilikuwa zimesimama wima pale, nyekundu na kivuli cheusi, hata mvua ya Sho haikuzifuta.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, redio ilitangaza kwamba mpaka wa Tanzania umefungwa. Honi Jazz waliendelea kidogo na yule kijana, kisha Wahome akauza vyombo akanunua mashine ya santuri, na ukumbi ukajaa kama kawaida. Gatimu hakwenda. Jumamosi alikaa nyumbani. Jina la kaka yake lilikuwa halitajwi bado, na sasa hapakuwa na mahali pa kulipeleka.

Alimwendea Monicah akamwambia yuko tayari kumwandikia kibao kipya, bure, kwa jina lolote analotaka.

"Kwa nini?" Monicah alisema. "Hiyo rangi haijatoka. Na watu wameshazoea."

"Jina lenyewe si zuri."

"Si zuri namna gani? Ni wewe ulinipatia." Alimwekea chai mbele yake, akaegemea meza. Wateja wawili waligeuka kusikiliza, kama watu walivyozoea kusikiliza Gatimu alipoulizwa neno. "Kwani huyo Buriani alikuwa nani hasa? Maana yake ni nini?"

Gatimu alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nje, kibao kililia kwenye misumari yake.

"Sijui," alisema.